Bryce Canyon: korongo lisilo korongo, jangwa lenye friza

Bamdogo alipokuja kunitembelea Marekani mwanzoni mwa Aprili, nilimwambia siku mbili tutazimalizia jangwani. Hakuuliza zaidi. Alifanya kazi Muscat miaka kumi na miwili, jangwa analijua, kwa hiyo alifungasha mashati mepesi, kikoi, makubadhi na kofia ya jua. Tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na lango la hifadhi ya Bryce Canyon, kusini mwa jimbo la Utah. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikafungua buti la gari kuchukua maji ya kunywa. Yote yameganda. Chupa moja ilikuwa imevimba kitako hata haisimami. Bamdogo, aliyejitanda blanketi la wenyewe juu ya shati lake, aliigeuzageuza mkononi kama mtu aliyeuziwa simu feki Kariakoo.

"Jangwa lako hili," akasema, "lina friza?"

Alikuwa ananichokoza, lakini ukilijibu vizuri swali lile umeielewa Bryce Canyon karibu yote: kwa nini mawe yake yamesimama vile, kwa nini mtu mzima mwenye afya anahema njiani kama mgonjwa, na kwa nini kila mwaka wageni wanafika na nguo za kwenda ufukweni. Chanzo kikuu cha mambo hayo ni kimoja, nacho ni mwinuko.

Ukingo wa hifadhi uko kati ya mita 2,400 hivi na mita 2,778 juu ya usawa wa bahari. Anayeijua Kenya afikirie Iten, kule wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa mbio ndefu. Hapo ndipo ukingo wa Bryce unapoanzia. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu afikirie vibanda vya Mandara. Mwisho wa barabara ya hifadhi, mahali paitwapo Rainbow Point, ni juu kidogo ya hapo. Tofauti ni kwamba Mandara unafika kwa miguu baada ya saa kadhaa msituni, mwili ukizoea polepole. Rainbow Point unafika umekaa kwenye kiti cha gari unatafuna karanga.

Lakini Iten chupa hazigandi kwenye buti. Mwinuko peke yake hautoshi, lazima upate washirika wawili. Wa kwanza ni umbali kutoka ikweta: Bryce iko kwenye nyuzi 37 na nusu kaskazini, kwa hiyo ina majira ya baridi ya kweli, na theluji inayoanguka kwa mwaka ikijumlishwa hufika mita mbili na nusu hivi. Wa pili ni ukavu wa hewa. Unyevu na mawingu hufanya kazi kama shuka, huzuia joto la mchana lisipotee usiku. Pale shuka hakuna. Jua likizama, joto lote linapaa moja kwa moja angani. Mwezi Julai mchana unaweza kuwa nyuzi 27, hali ya hewa tamu kabisa, na usiku huohuo ukashuka hadi nyuzi 8. Januari mchana huwa nyuzi 3 au 4 tu, na usiku hushuka kupita nyuzi 10 chini ya sifuri.

Hapo ndipo neno "jangwa" linapotupoteza. Kwa masikio yetu jangwa ni joto, mchanga na ngamia. Kwa wanajiografia jangwa ni ukame, baridi haiwahusu. Na ukitaka kubana zaidi, ukingo wenyewe wa Bryce si jangwa kamili: hupata mvua na theluji ya kama milimita 400 kwa mwaka, pungufu ya Dodoma lakini si haba, na juu yake pana misitu ya misonobari. Ni kama kisiwa cha miti kilichoinuliwa katikati ya nchi kame. Ukisimama ukingoni ukatazama mashariki, ukame wote uko chini yako.

Mto uko wapi?

Sasa hilo jina la pili, korongo. Korongo tunalijua: maji ya mto yanapita mahali pamoja kwa muda mrefu, yanachimba, pande mbili zinabaki zimesimama. Oldupai ni hivyo. Grand Canyon, iliyo kusini ya hapo katika jimbo la Arizona, ni hivyo, kazi ya mto Colorado. Bryce ukiutafuta mto hauuoni, kwa sababu haupo. Kilichopo ni ukingo wa uwanda wa juu uitwao Paunsaugunt, unaoliwa kutoka upande wa mashariki kama mkate unaomegwa pembeni. Kila palipomegwa pamebaki nusu duara kubwa, kama uwanja wa mpira uliokatwa katikati, na ndani ya nusu duara hizo zimesimama nguzo za mawe kwa maelfu: nyekundu, za rangi ya machungwa, za waridi na nyeupe. Wamarekani huziita huduu.

Mawe hayo yalianza kama tope. Miaka milioni 50 hivi iliyopita sehemu ile ilikuwa bonde la maziwa na mito, na chini ya maji yale vikatulia matope, mchanga na chokaa, tabaka juu ya tabaka. Chuma kilichokuwamo kimeshika kutu, na wekundu wote unaopigiwa picha pale ni kutu hiyo. Tabaka za juu zilizo na chuma kidogo ndizo zimebaki nyeupe. Baadaye nchi nzima ikasukumwa juu kutoka chini ya ardhi, na jiwe linaloinuliwa hupasuka. Nyufa zikajaa, nyingi zimesimama wima.

Turudi kwenye chupa ya bamdogo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Chupa ikijaa hadi shingoni, hiyo asilimia 9 haina pa kwenda ila kusukuma, na kitako kikavimba. Fikiria sasa maji yaleyale yameingia kwenye ufa mwembamba wa jiwe. Mchana jua linayeyusha theluji, maji yanatiririka ndani ya ufa. Usiku yanaganda, yanaupanua ufa kwa kipimo ambacho jicho halikioni. Asubuhi barafu inayeyuka, maji yanashuka ndani zaidi. Usiku tena. Saa sita mchana ile chupa ilikuwa maji matupu na tuliyanywa, lakini kitako hakikurudi kilivyokuwa. Ufa nao ukishapanuka haurudi.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba baridi kali peke yake isingefanya kazi hii. Mahali panapoganda Novemba na kuyeyuka Aprili, ufa unasukumwa mara moja tu kwa mwaka. Kinachohitajika ni kupanda na kushuka, kuganda na kuyeyuka, tena na tena, na Bryce ina siku kati ya 170 na 200 za namna hiyo kila mwaka. Usiku wa wazi unagandisha, jua la mchana linayeyusha. Waliolala Kibo, kule juu Kilimanjaro, wanaijua tabia hii: alfajiri ardhi ngumu kama saruji, saa nne matope.

Mvua humalizia. Maji ya mvua yana asidi kidogo sana, na chokaa haiipendi asidi. Kona za mawe zinalambwa, zinalainika, zinapata viuno na mabega. Mpangilio wenyewe unakwenda hivi. Kwanza ukingo unakatika na kuwa kuta nyembamba. Kuta zinatoboka madirisha. Paa la dirisha linaanguka, na nguzo mbili zinabaki zimesimama kila moja peke yake. Nguzo iliyobahatika kuvaa kofia ya tabaka gumu zaidi kichwani huishi kuliko wenzake, kwa sababu kofia inaikinga shingo. Ile maarufu kuliko zote, Thor's Hammer, ni kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba. Ukiitazama unataka kuishika isianguke.

Na itaanguka. Kwa makadirio ya hifadhi, mawe haya huliwa kwa wastani wa sentimita 60 hadi 130 kila miaka 100. Kwa mambo ya miamba hiyo ni mbio. Mwaka 2006 sehemu ya ukuta iliporomoka kwenye kijia kiitwacho Wall Street, njia nyembamba kati ya kuta mbili ndefu, ikakiziba. Kijia hicho hufungwa kila majira ya baridi kwa sababu ya barafu na mawe yanayodondoka. Wageni wengine wanaona ni urasimu wa walinzi wa hifadhi. Mimi nikishaiona ile chupa, sina ubishi.

Mfongo wa Tropic

Pana mahali pamoja ndani ya hifadhi ambapo maji hutiririka muda mrefu wa mwaka, na yaliletwa na watu. Kati ya 1890 na 1892 walowezi wa dhehebu la Mormoni walichimba mfereji kwa sururu na majembe, wakayatoa maji ya tawi la mashariki la mto Sevier huku juu uwandani, wakayavusha ukingo na kuyashusha hadi kijiji chao cha Tropic. Mchagga akiuona hahitaji maelezo: huu ni mfongo, mfereji wa kumwagilia kama wa kwao. Mpaka leo unamwagilia mashamba ya huko chini; mwaka 2002 tu, wa ukame mkubwa, ndio haukupitisha maji.

Utaufikia kwa njia fupi ya Mossy Cave, yapata kilomita 1.3 kwenda na kurudi. Ukifika angalia chini. Miaka mia na ushee ya maji yanayopita imeanza kufanya kile ambacho barafu haikufanya kwa muda wote huo: kuchimba mkondo, kuzoa kila kinachodondoka, kukata bonde lenye umbo la V. Kwa maneno mengine, hapo pameanza kuwa korongo. Wanajiolojia wanakadiria kuwa ukingo ukiendelea kuliwa kwa kasi ya sasa, baada ya miaka milioni 3 hivi utaufikia mto Sevier wenyewe, na mto ukishaingia, nguzo zitakuwa zimekwisha kazi. Siku hiyo jina la Bryce Canyon litakuwa la kweli.

Jina lenyewe limetoka kwa Ebenezer Bryce, fundi seremala mzaliwa wa Scotland aliyekuja kuishi bondeni pale miaka ya 1870 na kufuga ng'ombe. Alikata barabara kwenda kuchukua mbao, majirani wakapaita korongo la Bryce. Yeye inasemekana hakuwa na mengi ya kusifia mandhari. Alisema tu kuwa ni mahali pabaya mno pa kupoteza ng'ombe. Mwaka 1880 akahamia Arizona. Hifadhi ya taifa ikatangazwa 1928.

Kabla ya Bryce walikuwepo Wapaiute, wenyeji wa asili wa nchi ile, nao wanasimulia kwamba nguzo zile ni watu wa kale waliofanya maovu. Coyote, mnyama wa jamii ya mbweha ambaye katika hadithi zao ndiye mwenye hila, kama sungura kwetu, akawageuza mawe: wengine wamesimama safu, wengine wamekaa, nyuso zao bado zimepakwa rangi. Nilipoisikia nilikumbuka Marafa, kaskazini mwa Malindi, ambapo mvua imechonga kuta na nguzo za rangi kama hizi kwenye mchanga mgumu, bila msaada wa barafu hata chembe. Wagiriama wanapaita Nyari, na kisa chao ni cha familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa huku majirani wakilala njaa, hadi ardhi ikawameza; weupe wa mawe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Watu wasiojuana, bahari mbili kati yao, wameona mawe mekundu yaliyosimama na wote wakafikia uamuzi uleule: hawa waliadhibiwa.

Pa kusimama

Majina yanaendelea kudanganya. Sunset Point, kwa tafsiri "mahali pa machweo", si mahali pa kutazamia machweo. Nusu duara kubwa ya Bryce inatazama mashariki. Jua linazama nyuma ya mgongo wako na nguzo zinaingia kivulini mapema. Saa ya kuwepo pale ni mapambazuko. Sisi tulisimama Bryce Point na mikono kwapani. Jua lilipochomoza lilizipiga nguzo za mbele, na mwanga ukaruka kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mawe ya nyuma, ambayo jua halijayafikia, yakaanza kuwaka kama makaa yanayopulizwa. Bamdogo alinyamaza dakika nzima. Kwa anayemfahamu, hiyo ni habari.

Natural Bridge nayo, yaani "daraja la asili", si daraja. Daraja la asili huchimbwa na mto unaopita chini yake. Hili limetobolewa na barafu na mvua, ni tao. Liko kwenye barabara ya kilomita 29 inayokwenda hadi Rainbow Point. Kwenye barabara hiyo endesha moja kwa moja hadi mwisho, kisha simama njiani wakati wa kurudi, kwani vituo vyote vitakuwa upande wako wa kulia na hutakata magari ya watu. Kuanzia katikati ya Aprili hadi Oktoba kuna mabasi ya bure yanayozungukia vituo vikuu, na maegesho yakijaa utayashukuru. Mwishoni kabisa, Yovimpa Point, kuna msonobari mkavukavu uliojinyonganyonga wenye umri wa zaidi ya miaka 1,600. Hauvutii kwa picha. Usiupite.

Pumzi

Mlima tuliozoea unakupima kwanza: ukichoka unageuka, na kurudi ni mteremko. Bryce inafanya kinyume. Gari liko juu, njia inashuka, kila hatua ni rahisi na kila kona ina kitu kizuri zaidi cha kukuvuta mbele. Unakopa. Deni linalipwa mwishoni, miguu imechoka na jua limepanda.

Njia ninayompa kila mgeni ni kushukia Queen's Garden kutoka Sunrise Point na kupandia Navajo Loop hadi Sunset Point. Zote pamoja ni kilomita 4.6, na kupanda ni mita 190 hivi, sawa na ngazi za jengo la ghorofa sitini. Ukienda kwa mwelekeo huo unashuka taratibu na kumalizia mkwezo mmoja mkali wa kona nyingi. Kwa mita 2,400 kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Tanga. Ukisimama tu, robo hiyo hutaihisi. Unaihisi kwenye kona ya tano.

"Bamdogo, tupumzike kidogo?"

"Kupumzika nitapumzika," akajibu, ameegemea jiwe, "pumzi yenyewe iko wapi?"

Tulipumzika kila kona, bila aibu, tukapitwa na bibi mmoja mwenye fimbo mbili aliyetusalimia vizuri. Siri ni mwendo: ukishindwa kuzungumza sentensi nzima, unakwenda kasi mno. Siku ya kwanza kaa ukingoni. Kuna njia ya lami ya nusu maili kati ya Sunrise na Sunset, inayopitika hata kwa kiti cha magurudumu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, shuka nchi za chini kwa gari, usijifanye shujaa.

Maji ni habari nyingine. Hewa kavu inakausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo shati liko kavu, hujisikii kiu, na tayari umepungukiwa. Kunywa kidogokidogo kuanzia mwanzo. Jua nalo huku juu ni kali kuliko baridi inavyokuaminisha. Bamdogo aliungua pua akiwa amevaa koti langu. Viatu viwe na soli yenye meno, kwani changarawe za pale huteleza kama punje za kunde sakafuni na vifundo vya miguu ndivyo huumia. Makubadhi yalibaki garini. Hadi Aprili sehemu za kivulini bado zina barafu, na duka la karibu huuza minyororo midogo yenye meno ya kuvalisha viatuni. Julai hadi Septemba tatizo ni radi za mchana: ukiona umeme wa radi kisha ngurumo ikafika kabla hujahesabu 30, ondoka ukingoni, ingia garini au ndani ya jengo.

Kiingilio ni dola 35 kwa gari, kwa siku 7. Tangu Januari 2026 asiye mkazi wa Marekani, kuanzia umri wa miaka 16, anaongezewa dola 100 kwa kila mtu, isipokuwa awe na kadi ya mwaka ya wageni ya dola 250. Ukialika ndugu kutoka nyumbani, piga hesabu hiyo kabla ya tiketi. Bamdogo alikuja kabla ya sheria hiyo na hadi leo anajisifu.

Usiku wa pili tulirudi ukingoni tumevaa kila nguo tuliyokuwa nayo. Tangu 2019 hifadhi ina hati ya kimataifa ya anga lenye giza, na mwinuko ule ule unaonyima pumzi unapunguza vumbi na ukungu kati yako na nyota. Bamdogo akakiona Kilimia kimeinama magharibi, akakionyesha kwa kidole kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Kisha akampigia mamdogo, Tanga alfajiri, akamsimulia yote: chupa iliyovimba, mawe yaliyokuwa watu, fundi wa Scotland na ng'ombe wake. Mamdogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Na huyo ng'ombe, alipatikana?"